Kihenge Kipya Kwenye Ghala la Kompyuta

Wapwa wangu, mmeniuliza swali zuri. Mmesema seva ya shule imejaa, na mwalimu wenu wa kompyuta amenunua diski mpya. Kisha mmoja wenu, yule mdogo kabisa, akauliza: "Mjomba, sasa vitu vyote vya zamani si itabidi vimwagwe kwanza?"

Hongera, mwanangu. Wapo watu wazima waliozeeka na kompyuta ambao hawajawahi kuuliza hivyo. Wakiona kompyuta imejaa, wanaanza kufuta. Wanafuta picha. Wanafuta masomo. Wanafuta hata wasichokijua. Wewe umeuliza kwanza. Sogea hapa nikujibu.

Vitu havimwagwi. Ghala linaongezwa, halimwagwi.

Ghala gani hilo? Tuanze na ghala la mtama, kwa sababu hilo mnalijua.

Nyumba za tembe mmeziona. Ni nyumba ndefu, kimo chake kifupi, paa lake bapa la udongo. Huku kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu. Inaanza Novemba au Desemba, ikifika Aprili imeshaaga. Mkulima wa Ugogo anavuna mtama na uwele mara moja, halafu anakula mwaka mzima. Kwa hiyo kuhifadhi nafaka si jambo la kuchezea. Ndani ya tembe, upande wenye giza, kuna vihenge. Fito zimesukwa, zikakandikwa udongo, na mdomo umefunikwa vizuri panya asipite.

Sasa mtazameni bibi mwenye ghala. Ana vihenge viwili. Mtoto akitumwa mtama, hasemi, "Bibi, nipe wa kihenge cha kushoto." Anasema, "Shikamoo bibi. Mama anaomba mtama wa chakula." Basi. Bibi ndiye anayejua mtama wa chakula umekaa wapi, wa mbegu umekaa wapi, wa wageni umekaa wapi. Pengine mtama wa chakula umejaza kihenge cha kwanza ukaendelea kwenye cha pili. Mtoto hana habari. Anapimiwa, anashukuru, anaondoka.

Mavuno yakizidi, bibi anafanya nini? Anaumwaga mtama wote uani aanze kugawa upya? Hata kidogo! Anasuka kihenge cha tatu, anakisimamisha kando ya vile viwili, anasema, "Na hiki ni cha ghala letu." Mama ataendelea kuomba mtama wa chakula kama jana. Ghala linaongezwa, halimwagwi.

Haya, turudi kwenye seva. Diski ndiyo kihenge. Na bibi je?

Bibi ni programu. Inakaa katikati, kati ya diski na watu wanaotumia vitu vilivyomo. Kwenye mfumo wa Linux programu hiyo inaitwa LVM. Iliandikwa mwaka 1998 na Heinz Mauelshagen, naye alifuata mfano wa programu ya namna hiyo iliyokuwa kwenye kompyuta za kampuni ya HP. Ni programu huria. Yeyote anaruhusiwa kuitumia bure, kuisoma jinsi ilivyoandikwa, hata kuirekebisha. Ndiyo maana shule yenye fedha kidogo inaweza kuwa na bibi yuleyule anayetumiwa na kampuni kubwa za Ulaya na Marekani. Jambo hilo linanifurahisha sana, nasema kweli.

"Mjomba, tutamwambiaje bibi huyo afanye kazi?"

Kwa kumwandikia amri. Mnafungua dirisha jeusi, mnaandika, mnabonyeza Enter. Mimi nawashauri mjifunze njia hii hata kama kuna programu zenye vitufe vya kubofya. Ukiandika amri kwa mkono wako, kila herufi inapita kichwani. Na kesho mwenzako akiuliza ulifanya nini, unamwonyesha ulichoandika, neno kwa neno. Aliyebofya atamwonyesha nini?

Shikeni herufi sita tu. Amri za kihenge zinaanza na pv. Amri za ghala zinaanza na vg. Amri za fungu zinaanza na lv. Fungu ndilo lile la bibi: la chakula, la mbegu, la wageni. Kwenye seva yenu ghala linaitwa "ghala", na fungu linaitwa "masomo". Mwalimu aliyelianzisha alichagua majina hayo mwenyewe. Angeweza kuliita fungu "zabibu" na LVM isingelalamika.

"Na bibi anapimaje?"

Ee, hilo nalo swali! Bibi hapimi punje moja moja. Anapima kwa debe. LVM nayo hivyohivyo: inaikata diski nzima kuwa madebe yaliyo sawa, na kila debe ni megabaiti 4, kama hukuiambia vingine. Diski ya terabaiti 1 inatoa madebe zaidi ya 238,000. Sasa sikilizeni siri yenyewe. Fungu ni orodha ya madebe, basi. Orodha inasema: madebe haya yapo kwenye diski ile, madebe yale yapo kwenye diski hii. Ukitaka fungu liwe kubwa, unaongeza madebe mwishoni mwa orodha. Yale ya mwanzo hayaguswi.

Basi mwalimu akazima seva. Akafungua ubavu wake kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu, maana upepo wa Dodoma mnaujua, hauna mlango usioupita. Akapangusa. Akaichomeka diski mpya nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa data. Akawasha tena.

Diski ikabisha hodi. "Hodi hodi! Mimi ni mgeni. Nina nafasi kubwa, na sina hata faili moja."

Mfumo ukaitikia, "Karibu. Leo utaitwa sdc."

"Kwa nini sdc?"

"Kwa sababu sda yupo. Yeye ndiye anayebeba mfumo wenyewe, na hatumgusi. Na sdb yupo. Yeye ndiye kihenge cha masomo, amejaa mpaka shingoni. Wewe ni wa tatu."

Mwalimu akaita watoto. Akaandika amri ya kwanza, ya kutazama tu, isiyobadilisha kitu:

lsblk

Skrini ikaonyesha diski zote na ukubwa wake. Penye sdb paliandikwa 465.8G, na chini yake fungu la masomo. Penye sdc paliandikwa 931.5G, na chini yake hakuna kitu.

"Mwalimu, tumeibiwa!" akasema mtoto mmoja wa Nkuhungu, hapahapa Dodoma. "Boksi limeandikwa terabaiti 1. Hapa ni 931!"

Mpeni makofi mtoto huyo. Anasoma namba, hapiti tu. Lakini hakuna aliyeibiwa. Muuza diski anahesabu kwa elfu: kilobaiti ni baiti 1,000, megabaiti ni baiti 1,000,000, na kuendelea. Amri ile inahesabu kwa 1,024. Diski ni ileile, vipimo ndivyo viwili. Wenye soko la nafaka la Kibaigwa, pale Kongwa, wanaujua vizuri ugomvi wa vipimo. Gunia ni gunia, mpaka aje mtu na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye skrini. "Soma jina kwanza," akasema. Watoto wakasoma: "sdc!" Akauliza tena, "Ina kitu ndani?" Wakasoma tena. "Haina!"

Soma jina kwanza, kisha bonyeza. Nitalirudia neno hili mpaka mchoke kunisikia. Amri inayofuata inaiandaa diski kuwa kihenge, na diski ikishaandaliwa, vya zamani vyake vimekwenda. Kama mtu amechomeka diski yake yenye picha za harusi ya dada yake, nayo ikaonekana pale kama sdd, kidole kimoja kikikosea herufi, picha zinaweza kupotea zote. LVM ina huruma kidogo. Diski ambayo tayari ni ya ghala itagoma kuiandaa upya. Ikikuta alama za vitu vya zamani, inaweza kukuuliza kama ifute. Lakini mwenye haraka anajibu "ndiyo" kabla hajasoma swali. Msiwe watu wa haraka.

Mwalimu akaandika:

sudo pvcreate /dev/sdc

Neno sudo linasema: naamuru kwa mamlaka ya msimamizi. Neno pvcreate linasema: fanya hiki kuwa kihenge. Na /dev/sdc ni njia ya kufika kwa yule mgeni.

"Aa!" ikasema diski. "Mmeniandika kitu mwanzoni mwangu!"

Kweli imeandikwa. Mwanzoni mwa diski kuna vyumba vidogo, kila kimoja cha baiti 512. Katika kimojawapo cha vile vinne vya kwanza, LVM inaandika neno LABELONE, na pamoja nalo kitambulisho chenye herufi na tarakimu 32. Hakuna diski nyingine yenye kitambulisho hicho.

"Mjomba, kwa nini kitambulisho, wakati tayari inaitwa sdc?"

Kwa sababu jina sdc ni la leo tu! Kesho mwalimu akibadilisha nyaya, diski ileile inaweza kuamka ikiitwa sdb. Mtu anayekumbuka majina atachanganyikiwa. LVM haihangaiki na majina. Inazipitia diski, inasoma vitambulisho, inasema: wewe ni wangu, na wewe ni wangu, nyote ni wa ghala moja. Seva ikihamishiwa chumba kingine, diski zikachomekwa kwa mpangilio mwingine, ghala linasimama lilelile. Aliyefikiria jambo hili alifikiri vizuri.

Kihenge kipo tayari. Lakini bado hakijaingia ghalani. Amri ya tatu:

sudo vgextend ghala /dev/sdc

Yaani: panua ghala liitwalo ghala, kwa diski hii. Bibi ametamka, "Na hiki ni cha ghala letu." Kazi imechukua muda gani? Kufumba na kufumbua, maana hakuna mtama uliohamishwa. Ni hesabu tu imeandikwa. Mwalimu akaandika vgs, na skrini ikaonyesha kwamba ghala sasa lina nafasi tupu ya zaidi ya gigabaiti 931.

Watoto wakashangilia. Wakafungua masomo kwenye kompyuta zao. Seva bado imejaa!

"Mwalimu, haijafanya kazi!"

Imefanya. Fikirini. Kihenge kipya kimesimama, lakini bibi hajasema ni cha chakula, ni cha mbegu au ni cha wageni. Nafasi ni ya ghala, haijawa ya fungu lolote. Hapa ndipo wengi wanapokwama na kuanza kulaumu diski, au kumlaumu aliyewauzia. Subira kidogo. Amri ya nne:

sudo lvextend -r -L +300G /dev/ghala/masomo

Hii itazameni kwa makini, herufi kwa herufi, maana kuna vitu viwili vidogo vyenye nguvu.

Cha kwanza ni ile alama ya kujumlisha. +300G maana yake: ongeza 300 juu ya zilizopo. Ukiisahau, ukaandika 300G peke yake, umesema: fungu lote liwe 300. Lakini tayari fungu lina 465! Kwa lvextend, LVM itakataa, kwa kuwa kazi yake ni kupanua tu. Ila kuna ndugu yake aitwaye lvresize. Huyo anapanua na anapunguza. Ukimpa 300G bila alama ya kujumlisha, ukapuuza maonyo yake, anaweza kulikata fungu na masomo yaliyomo yakaharibika. Alama moja tu! Kwa hiyo ukitaka kupanua, mwite anayejua kupanua peke yake.

Cha pili ni -r.

"Hiyo -r ni ya nini, Mjomba?"

Swali hilo wanaliuliza hata wanaolipwa mshahara kwa kazi hii. Ndani ya fungu kunakaa mfumo wa faili. Huo ndio unaoandika kwamba somo la moyo linaanzia hapa, linaishia pale. Siku ulipotengenezwa ulipimiwa eneo lake, nao unaamini kipimo hicho mpaka uambiwe vingine. Ukipanua fungu bila kuuambia, LVM itasema fungu ni 765, na mfumo wa faili utashikilia kuwa ni 465 ileile. Amri ya lvs itakuonyesha namba kubwa, amri ya df -h itakuonyesha namba ndogo, na wewe utabaki unakuna kichwa. Herufi -r inaufikishia mfumo wa faili habari papo hapo. Kama ni wa aina ya ext4, LVM inaiita resize2fs ifanye kazi. Kama ni XFS, inaitwa xfs_growfs. Aina zote mbili hukua huku zinatumika.

Na hili ndilo lililonigusa moyo zaidi. Wakati mwalimu anabonyeza Enter, msichana mmoja alikuwa kwenye chumba cha pili anatazama video ya jinsi moyo unavyosukuma damu. Video ilikuwa inatoka kwenye fungu lilelile la masomo. Ilisimama? Haikusimama. Ilikata? Haikukata. Alitazama mpaka mwisho, akaandika maelezo yake, akatoka. Hakujua kwamba ghala limepanuliwa chini ya miguu ya somo lake. Yeye aliomba mtama wa chakula, akapewa.

Sasa mwingine ameinua mkono. "Mbona mwalimu hakutoa nafasi yote? Diski ina 931, yeye ametoa 300 tu!"

Mwanangu, umefikiri kama bibi mwenyewe. Kulipanua fungu ni rahisi, tumeona. Kulipunguza ni kazi yenye hatari, na kwa XFS kwa kawaida haiwezekani. Kwa hiyo mwenye hekima hutoa kinachohitajika, na kinachobaki hukiacha ghalani. Mwezi ujao masomo yakijaa, anaongeza tena. Akitaka fungu jipya la mitihani ya zamani, nafasi ipo.

Kuna sababu nyingine, nayo inamhusu yule mzee sdb. Mnamsikia?

"Nimezunguka miaka mingi," anasema sdb kwa sauti ya kukwaruza. "Siku hizi nasahau baadhi ya vyumba vyangu. Nitawatunzia masomo mpaka lini?"

Afya yake inaweza kupimwa kwa amri ya smartctl. Vipimo vikionyesha anachoka, kuna njia ya kumpumzisha bila kuzima kitu:

sudo pvmove /dev/sdb

Amri hii inahamisha madebe yote ya sdb, moja baada ya jingine, kwenda kwenye nafasi tupu ya vihenge vingine. Ndiyo maana nafasi tupu ilihitajika! Kwa diski kubwa inachukua saa nyingi, na watoto wanaendelea kusoma wakati wote huo. Umeme ukikatika katikati je? Kwetu hilo si swali la kubuni. Umeme ukirudi na seva ikiwaka, unaandika pvmove peke yake, bila jina la diski, nayo inaendelea kutoka alama ya mwisho iliyojiwekea. Ikimaliza, vgreduce inamtoa mzee kwenye ghala, na pvremove inafuta ile alama ya LABELONE. Mzee anachomolewa, anapumzika. Mtama wote umebaki.

Sasa niwaambie jambo ambalo si tamu, lakini ningekuwa mjomba mbaya nikilificha. Maadamu sdb bado yupo, fungu la masomo limelala kwenye diski mbili. Diski moja ikifa ghafla, madebe yake yanakufa nayo, na fungu zima linaweza kuharibika. Kuongeza diski kumeongeza nafasi, hakukuongeza usalama. Mtu akiwaambia "tuna LVM, hatuhitaji nakala", msimkubalie hata kama amevaa tai. LVM inajua kuweka madebe yaleyale kwenye diski mbili kwa pamoja, ukiiamuru hivyo. Lakini hata hapo ni lazima iwepo nakala nyingine kwenye diski nyingine, katika jengo jingine. Radi haichagui, na mwizi akibeba seva anabeba diski zote.

"Mjomba, mambo haya yapo kwenye seva ya shule tu?"

Yapo kila mahali penye kumbukumbu nyingi. Jina la programu linabadilika, kazi haibadiliki. Kwenye kompyuta kubwa za mabenki na kampuni za simu duniani imetumika sana programu ya Veritas. Huko mgeni anakaribishwa kwa amri ya vxdiskadd, na ghala linaitwa kundi la diski. Ukimwelewa bibi mmoja, wa pili hakutishi.

Na hapa Dodoma kumbukumbu zinaongezeka kila siku. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, wizara nazo zimehamia huku. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina makao yake makuu hapahapa jijini. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima inayofundisha mambo ya kompyuta. Majalada yaliyokuwa yanajaza makabati sasa yanajaza diski. Wanaozitunza diski hizo walikuwa watoto kama ninyi, tena si zamani sana.

Zamani yenyewe ilikuwaje? Diski ya kwanza kuuzwa ilitoka kampuni ya IBM mwaka 1956, ndani ya mashine iitwayo RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka na uzito wa karibu tani moja, na ilibeba herufi milioni 5. Ili kupata nafasi iliyomo kwenye diski yenu moja mngehitaji mashine 200,000 za namna ile. Mngezipanga wapi? Kutoka Nkuhungu mpaka Ihumwa zisingeenea.

Hapa Tanzania, kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa programu huria za ofisi zinazozungumza Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Nchi iliyozuia kompyuta ndiyo iliyozifundisha lugha yetu, katika umri wa mtu mmoja. Kwa hiyo msiniambie mambo haya ni ya watu wa mbali.

Najua mnachotaka sasa. Mikono inawawasha, mnataka kujaribu. Vizuri! Lakini si kwenye seva ya shule, na si kwenye kompyuta ya mama. Tafuteni kompyuta ya mazoezi yenye Linux, mwalimu akiwepo. Hamhitaji kununua diski. Mtatengeneza vihenge vya mazoezi kwa faili za kawaida:

truncate -s 200M kihenge1.img
truncate -s 200M kihenge2.img
sudo losetup -f --show kihenge1.img
sudo losetup -f --show kihenge2.img

Kila amri ya losetup itawajibu jina, pengine /dev/loop0, pengine /dev/loop14. Andikeni majina hayo kwenye daftari. Hizo ndizo diski zenu za bandia. Zifanyeni zote mbili vihenge kwa pvcreate. Anzisheni ghala kwa vgcreate mkitumia ile ya kwanza tu. Tengenezeni fungu kwa lvcreate na mfumo wa faili kwa mkfs.ext4. Lifungueni fungu kwa mount, mtie humo barua au picha moja. Kisha ile ya pili iingizeni kwa vgextend, mpanue fungu kwa lvextend, mtazame kama barua yenu bado ipo. Mkikwama, andikeni man lvextend, msome maelezo yake taratibu. Yapo kwa Kiingereza kigumu kidogo, kwa hiyo someni wawili wawili.

Na kabla ya kila Enter, someni jina kwa sauti. Likiwa ni loop mliyoiandika kwenye daftari, endeleeni. Likiwa linaanza na sd, ondoeni mikono kwenye kibodi, mwiteni mwalimu.